Usihifadhi faili la Kijapani kabla hujaliona linasomeka

Mkuu, kabla ya lolote lile: funga hilo faili, na kompyuta ikikuuliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko, jibu hapana.

Umeandika kwamba umenunua kompyuta ya mezani yenye Windows 11, unaanza kujifunza Kijapani, na rafiki yako aliyeko Japani kakutumia orodha ya maneno kwenye faili la maandishi. Ukilifungua kwenye VS Code, ile programu ya kuhariri maandishi, unaona vialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza ndani. Mdau hapo juu kakujibu kwamba uhifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa msimbo wa maandishi unaotumika zaidi siku hizi), uweke fonti ya Kijapani, na litasomeka. Halitasomeka. Ukifuata ushauri huo, orodha ya rafiki yako ndiyo imekwisha hivyo, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo.

Nilikuwa duka la spea za magari zilizotumika, Dar es Salaam, mzigo wetu ukitoka Japani. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha za wauzaji wa kule. Nikaziunganisha zote kwenye faili moja, na kila tulipouliza jambo tukajibiwa, niliongeza maelezo mwenyewe kwa Kijapani. Injini hii 動作確認済, imejaribiwa na inafanya kazi. Giaboksi ile 要修理, inahitaji matengenezo. Faili lile lilianzia kwenye kompyuta kuukuu iliyokuja na Windows ya Kijapani, kwa hiyo liliandikwa kwa Shift-JIS, mfumo wa msimbo ambao Wajapani wameutumia kwenye kompyuta zao tangu miaka ya 1980 na ambao hadi leo unakutana nao kwenye mafaili ya biashara zao.

Duka likanunua kompyuta mpya. Nikafungua faili, vialmasi vitupu. Tukamwita fundi. Akatazama kidogo tu, akasema: "Hiyo ni fonti. Bonyeza hapo, chagua kuhifadhi kwa UTF-8, fonti nitakuwekea." Nikabonyeza. Akaweka fonti, akachukua hela yake, akaondoka. Vialmasi vikabaki vilevile, na sasa ndivyo vilivyokuwa ndani ya faili lenyewe.

Namba za stoo na bei zilisomeka vizuri, maana tarakimu na herufi za Kilatini haziguswi na tatizo hili. Hapo ndipo hasara kubwa ilipoingilia. Bosi alitaka oda iende siku hiyohiyo, akapitia bei, akaona giaboksi za bei nafuu, akasema ziagizwe hizo. Zilikuwa nafuu kwa sababu zilikuwa mbovu, na herufi tatu za kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) zilizosema hivyo nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu kwa kufuata maelekezo ya mtu aliyejiita mtaalamu. Mzigo ulipofunguliwa mafundi wa gereji walicheka, bosi hakucheka. Orodha za wauzaji niliziomba upya, wakazituma. Maelezo niliyoongeza mimi hayakuwa kwa mtu mwingine yeyote. Yule fundi nikimwona Kariakoo navuka barabara, na si kwamba namwogopa yeye, naogopa nitakachomwambia mbele ya watoto wake.

Sasa nikueleze kwa nini fonti haihusiki, maana hili ndilo watu wengi humu wanalichanganya, na ushauri mbaya wote unatokea hapo.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, kila moja ikiitwa baiti. Herufi 日 kwenye Shift-JIS ni baiti mbili, 93 FA. Herufi hiyohiyo kwenye UTF-8 ni baiti tatu, E6 97 A5. Faili la maandishi matupu halibebi lebo ya kusema lilisimbwa kwa mfumo gani, hivyo programu inakisia au inafuata mazoea yake. VS Code isipoelekezwa vingine inachukulia kila faili kuwa UTF-8. Ikikutana na 93 FA inaona baiti zisizo halali, inaweka � badala yake. Na hicho kialmasi si picha ya kuonyesha kosa, ni herufi kamili yenye nafasi yake kwenye Unicode, ile orodha ya herufi za lugha zote, U+FFFD. Ukihifadhi, programu inaandika herufi hiyo kwenye faili, yaani baiti EF BF BD, na 93 FA zako hazipo tena. あ, い na う kila moja inageuka ��, sawasawa kabisa. Utajuaje ipi ilikuwa ipi? Ni sawa na kusaga mahindi, mtama na ulezi pamoja halafu udai kila punje irudi guniani kwake.

Niliwahi kukaa usiku nikijaribu kuokoa. Katakana (seti moja ya herufi za silabi za Kijapani) zilinipa tumaini kidogo, kwa sababu baiti ya pili ya nyingi kati yake ni herufi ya kawaida ya Kilatini. キズ, yaani mkwaruzo, ilibaki �L�Y, na ukijua unachotafuta unaweza kukisia. Hiragana (seti ya pili ya silabi, kama あ) na sehemu kubwa ya kanji hazikuacha alama ya kueleweka.

Kwa hiyo jifunze kutofautisha unachokiona. Ukiona vijisanduku vitupu mahali pa herufi, hiyo kweli ni fonti, maandishi yako salama, weka fonti na yatatokea. Ukiona takataka za Kilatini, mfano “ú–{ mahali pa 日本, programu imesoma Shift-JIS kana kwamba ni maandishi ya Ulaya Magharibi. Ukiona æ—¥æœ¬, ni kinyume chake, faili ni UTF-8 na programu haijui. Bado unaweza kuokoa alimradi hujahifadhi. Ukiona vialmasi, ondoa mikono kwenye kibodi.

Sasa fanya hivi. Toa nakala ya faili, iweke kwenye fleshi, usiiguse. Fungua nakala nyingine kwenye VS Code. Chini kulia pameandikwa UTF-8, bofya hapo. Utapewa njia mbili, "Reopen with Encoding" na "Save with Encoding". Zimekaa jirani, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniunguza. Chukua ya kwanza, ya kufungua upya, kisha chagua Japanese (Shift JIS). Soma mistari kadhaa kwa macho yako. Ukiona hiragana, katakana na kanji zinazoeleweka, hapo ndipo unarudi palepale na kuchagua ya pili, ya kuhifadhi kwa UTF-8. Kufungua kwanza, kusoma, halafu kuhifadhi. Mpangilio huo usiugeuze hata kama mtu amesimama nyuma yako anakuharakisha.

Excel nayo ina mtego wake kwa wale mnaotengeneza kadi za maneno za Anki, programu ya kukariri. Ukihifadhi kwa ile CSV (jedwali la maandishi matupu) ya kawaida kwenye Windows ya Kiingereza, kanji zote zinageuka ????. Chagua iliyoandikwa "CSV UTF-8". Na ukipokea CSV kutoka Japani usiibofye mara mbili, ingia Data, kisha From Text/CSV, uchague 932 (Shift-JIS) au 65001 (UTF-8) mpaka uone maandishi yanasomeka.

Kuna mwingine kakuambia ubadilishe lugha ya programu zisizo za Unicode iwe Kijapani kwa kompyuta nzima. Itafanya baadhi ya programu za zamani zisome Shift-JIS, ndiyo, lakini inabadilisha kwa kila mtumiaji na kila programu ya zamani, na utaanza kuona alama ya yeni mahali pa mkwaju wa nyuma (\) kwenye njia za mafaili. Kwa faili moja la maneno sioni sababu.

Kuhusu kuandika, hiyo ndiyo rahisi kuliko yote. Kibodi ya Kijapani usinunue. Ingia Settings, Time & language, Language & region, ongeza Japanese. Windows na Space kwa pamoja inakuhamisha lugha, Alt na kitufe kilicho chini ya Esc kinakubadilishia kati ya hiragana na Kilatini. Unaandika kwa silabi, ka ki ku ke ko, mdomo wa Mswahili umeshazizoea, kisha Space kugeuza kuwa kanji, Enter kukubali, F7 ukitaka katakana. Kinachowasumbua wanaoanza ni ん, yaani n inayosimama peke yake. Andika nn. Kwa hiyo こんにちは, salamu ya mchana, inaandikwa konnnichiha, n tatu, na mwisho ni ha, si wa. Wa Ubuntu, wekeni ibus-mozc na fonts-noto-cjk, mtoke kwenye akaunti mwingie tena, kisha muongeze Japanese (Mozc) kwenye vyanzo vya kibodi.

Maswali yako mengine nitarudi kuyasoma, sasa hivi nawaza hilo faili tu. Kama umeshafungua upya kwa Shift JIS na bado ni takataka, jaribu EUC-JP, mfumo mwingine wa msimbo wa Kijapani, mafaili mengi ya mashine za Unix za Japani yalikuwa hivyo. Kama lilitoka kwenye barua pepe ya zamani na unaona mistari imejaa $B na (B, ni ISO-2022-JP, mfumo mwingine tena wa msimbo. Ikishindikana zote, mwombe rafiki yako akutumie tena, safari hii ndani ya zip. Tuambie umeona alama gani, ubandike picha ya skrini, na kama ulishahifadhi sema ukweli leo, huenda rafiki yako bado ana la kwake kabla hajalifuta.