Maswali ya Wasomaji: Mradi Uliochelewa na Mhandisi Aliyekosea

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaongoza wahandisi sita wa programu. Mradi wetu umechelewa, na wakuu wangu wameamua kuniongezea wahandisi wanne ili tuwahi. Wenzangu wamefurahi, lakini mimi moyo wangu unasita. Je, niwapokee?

JIBU: Kusita kwako kuna msingi. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi, na katika miaka yangu yote ya kuongoza wahandisi sijaona sababu ya kumpinga. Mgeni hawezi kugusa msimbo, yaani maandishi ya programu, asioujua mpaka aelekezwe, na wa kumwelekeza ni yule yule mhandisi wako hodari ambaye mradi unamtegemea. Tena kuna suala la kuelewana: watu sita hufanya jozi 15 za watu wanaopaswa kupatana juu ya kazi, ilhali watu kumi hufanya jozi 45.

Kitakachokuokolea muda ni kupunguza kazi yenyewe. Keti na wenye mradi, mpitie mahitaji moja baada ya jingine, na kwa kila moja muulizane kama mtumiaji anaweza kuanza bila hilo. Ikiwa mfumo ni wa ankara, ni lazima uweze kutoa ankara na kupokea malipo, lakini ripoti zenye michoro zinaweza kusubiri toleo linalofuata. Viongozi wengi huyakwepa mazungumzo haya, kwa kuwa anayeomba watu huonekana mchapakazi na anayeomba kazi ipunguzwe huonekana ameshindwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uongozi unapohitajika kuliko mahali pengine popote. Wakuu wakisisitiza kuwaleta hao wanne, wape kazi iliyojitenga, ambayo haitawalazimu kuwakatiza wenzao kila saa.

SWALI: Kijana mmoja katika timu yetu aliruka hatua moja alipokuwa akiweka toleo jipya la programu, na huduma ikakatika asubuhi nzima. Mkurugenzi anataka afukuzwe. Nimtetee vipi?

JIBU: Mwulize mkurugenzi kwa nini hatua nzito kiasi hicho iliachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa muda wa dakika 45 hivi. Msimbo mpya ulikuwa umewekwa katika seva, yaani kompyuta za kuendeshea huduma, saba kati ya nane. Ile ya nane ikabaki na msimbo wa zamani uliokuwa haujatumika kwa miaka mingi, na soko lilipofunguliwa msimbo huo ukaamka na kuanza kumwaga maagizo ya kununua na kuuza hisa. Tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilipochunguza ilikuta kwamba hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ile, wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu yeyote aikague. Zaidi ya hayo, kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zilizotaja kasoro hiyo, lakini hazikuwa zimekusudiwa kuwa tahadhari na hakuna aliyezishughulikia.

Ukimfukuza kijana huyo, hatua ile itabaki pale pale ikimsubiri mwingine, na waliobaki watajifunza kuficha. Mwombe mkurugenzi aahirishe uamuzi wake, kisha mkabidhi kijana kazi ya kuandika utaratibu mpya pamoja na mhandisi mzoefu, ikiwezekana hatua hiyo ifanywe na kompyuta yenyewe, maana kwa sasa hakuna katika timu yenu anayeijua kasoro hiyo kwa undani kumshinda yeye.