Mti wa idara bila kusogeza visanduku kwa mkono
Kwa ulivyouliza, kuchora mti wa idara bila kusogeza kisanduku kimoja kimoja, mi nakushauri Graphviz, programu ya kuchora michoro, ni ya bure na unaandika maandishi tu, mfano digraph { Mkurugenzi -> Fedha; Fedha -> Mishahara } alafu yenyewe inapanga nani akae juu nani chini, ukiongeza idara unaandika mstari mmoja basi. Ila kama unataka kuona ukubwa, labda folda ipi imejaza diski, mti hausaidii sana, hapo tumia mchoro wa Treemap, ile aliyoibuni mtaalamu wa kompyuta Ben Shneiderman, visanduku ndani ya visanduku, kikubwa ndo kimekula nafasi. Excel inayo kuanzia 2016. Tafadhali usizidishe ngazi tatu za visanduku, maandishi yanakuwa madogo hayasomeki kabisa.