Oili kwenye paipu ya turbo: ninunue nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli yenye turbo, nabebea samaki kutoka Shimoni hadi Kongowea. Oili inapungua kama nusu lita kwa wiki, na asubuhi nakuta matone chini ya gari. Nikikaa sana kwenye foleni ya feri injini ikiwaka, nikiondoka tu hutoa moshi wa samawati. Fundi wangu amefungua paipu ya hewa, akanionyesha oili ndani, akasema turbo imekufa, nilete Sh45,000. Nimpe? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe bado.

Tuanze na matone, maana hayo huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo inapodondokea sipo inapovujia. Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio, nenda Ukunda urudi. Poda iliyolowa juu kuliko zote ndiyo shahidi wako. Mimi mwenyewe niliwahi kuteremsha giaboksi ya matatu ili nibadilishe sili ya nyuma, kumbe ni gasketi ya kifuniko cha tapeti iliyokuwa ikichuruzika kimya kimya. Siku nzima ya bure, na mwenye gari amekaa ananitazama.

Sasa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Oili ya kuchafua kidole ndani ya paipu ni ya kawaida, inatoka kwenye paipu ya kupumulia injini. Ikiwa imetuama, ukiinamisha inamwagika, hapo pana neno. Injini ikiwa baridi, ishike kwa vidole viwili nati ya shafti ya turbo, ule mhimili unaobeba mapanga yake. Ikicheza kidogo juu na chini usishtuke: shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya utando wa oili. Lakini ivute na uisukume, ndani na nje. Ukihisi inasogea, au mapanga yamekwaruza ganda, fundi wako amesema kweli.

Kama shafti ni nzima, fungua paipu ya kurudishia oili kutoka kwenye turbo. Oili hushuka humo kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Paipu ikizibwa na masizi, au na ile gundi ya gasketi ambayo mafundi wetu huipaka kama siagi, oili hurudi juu na kupenya pande zote mbili za turbo, ya hewa na ya ekzosi. Hata turbo mpya itavuja. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwaka: ikipuliza kwa nguvu, shaka iko kwenye ringi za pistoni. Sili za valvu nazo hutoa moshi kama huo wako baada ya foleni, usizisahau.

Ikithibitika ni turbo, badilisha oili, filta na paipu inayoilisha, la sivyo uchafu ule ule utaua na hiyo mpya.

Na oili ikiwa imejaa kwenye paipu ya hewa, usiendeshe. Dizeli inaweza kuichoma hiyo oili yake ikapaa mbio yenyewe, uzime ufunguo isizimike. Ikikukuta, ingiza gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, uachie klachi.