Kwa nini fundi anataka kukata dari wakati jiki ipo?

SWALI: Dari ya chumba cha watoto imeota madoa meusi tangu masika. Mwaka jana tulipiga jiki tukapaka rangi, yakarudi. Safari hii tumeita mafundi wa kuondoa kuvu. Wanataka kuziba mlango kwa nailoni, kuweka feni dirishani ikipuliza nje, kukata jipsamu yenye madoa, halafu chumba kikae siku kadhaa bila rangi. Mume wangu anasema tunapigwa. Ni kweli? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Dada, kwa hayo uliyoyataja hampigwi. Ila hujasema kama walishapanda juu ya dari kutafuta maji yanakotoka. Kama hawajapanda, usiwape hata shilingi ya kianzio.

Tuanze na jiki, maana ndiyo inayoleta ubishi kila nyumba. Kwenye vigae vya bafuni inafaa, kwa sababu kigae hakinywi. Jipsamu ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili, na karatasi kwa kuvu ni ugali. Jiki yenyewe sehemu kubwa ni maji: klorini inabaki juu ikifuta weusi, maji yanazama ndani. Mnapata dari nyeupe iliyonyweshwa vizuri, mnaifunika kwa rangi, mnasubiri mvua. Isitoshe, kuvu iliyokufa bado inawasha pua na kifua. Mtoto mwenye pumu ataikohoa vilevile. Ndiyo maana hata EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, haishauri klorini kama njia ya kawaida. Kuvu inatakiwa itoke nyumbani, na kwenye karatasi haitoki bila kisu.

Nailoni na feni nilijifunza kwa aibu. Zamani, kwenye nyumba moja Mbagala, nilikwangua ukuta mkavu kwa brashi huku mlango uko wazi. Wiki chache baadaye mwenye nyumba akanifungulia kabati la chumba cha pili: koti lake la harusi lilikuwa na utando wa kijivu mabegani. Mbegu za kuvu zipo hewani kila mahali, lakini mimi nilimpelekea gunia zima kwenye kabati ambalo tayari lilikuwa na unyevu.

Feni inayopuliza nje inafanya chumba kivute hewa kutoka koridoni, kwa hiyo vumbi halipati njia ya kuingia sebuleni. Unaweza kuwakagua mwenyewe: simama koridoni uitazame nailoni ya mlangoni. Ikibonyea kuelekea chumbani, wamepatia. Ikivimba kuja kwako, wasimamishe. Waloweshe kidogo sehemu yenye madoa kabla ya kukata, vipande wavifunge kwenye mifuko humohumo chumbani, na mashine ya kufyonza vumbi iwe na kichujio cha HEPA, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Ile ya kawaida ya zulia inavuta mbele na kutema nyuma.

Zile siku za kusubiri ni za kenchi kukauka. Hapa Dar mbao haiwezi kukauka kama ya Dodoma, kwa hiyo wasikutajie namba ya kitabuni. Wapime kwa kipima unyevu mbao iliyolowa na nyingine ya upande mkavu wa paa hilohilo. Zikikaribiana, wafunge dari.

Sasa maji. Madoa yakiwa sehemu moja na yana duara la kahawia, shuku bati, hasa kwenye misumari. Yakitapakaa konani na juu ya kabati, hayo ni jasho, na hapo nakuuliza: chumba kina AC? Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo kwetu ni kawaida, huanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 25 au pungufu. Ukilaza watoto kwenye AC ya 18 na alfajiri ukafungua madirisha, dari inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Weka 25 au 26, na asubuhi izime, acha chumba kipate joto kwanza ndipo ufungue. Bila kurekebisha hilo, jipsamu mpya nayo itaota.

Doa lingekuwa dogo, chini ya mita moja ya mraba, tena kwenye lipu ya saruji, ningekwambia usiite mtu: barakoa ya N95, glavu, maji ya sabuni, sugua, kausha. Na jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Mzee naye asikose haki yake. Angalieni kwenye makadirio kama kuna mstari wa “kupulizia dawa nyumba nzima”. Ukiwepo, hapo ana hoja. Ufuteni, kwa sababu dawa hiyo haiondoi kuvu wala haizuii bati kuvuja. Watoto walale chumba kingine hadi kazi iishe, na nguo zao zitoeni kabla nailoni haijafungwa.