Jeneza la nyanya lizungushiwe maua?

SWALI: Sat Sri Akal, Gyani ji. Nyanya yangu amefariki hapa Nairobi akiwa mkongwe, vitukuu wake amewaona. Tutamchoma Kariokor. Mjomba anataka jeneza lizungushiwe makoja ya maua na mapambo ya kila rangi, eti kifo cha mtu aliyeishi miaka mingi ni sherehe. Wenzangu kazini, ambao si Wasikh, wamechanga pesa za shada, lakini mmoja wao anashikilia kwamba Kalasinga hawataki maua msibani. Mimi mwenyewe nimekusudia kuweka maua mengi mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, siku ya bhog, yaani siku ya kukamilisha kukisoma, kwa ajili ya roho ya nyanya. Lipi ni sawa? Naomba unijibu kwa Kiswahili ili wenzangu nao wasome.

JIBU: Waheguru ji ka Khalsa, Waheguru ji ki Fateh. Pole sana, mwanangu, wewe na nyumba nzima.

Nianze na wenzako, maana lao ni jepesi. Waje na shada lao. Ukisoma Rehat Maryada, kanuni ya mwenendo wa Wasikh iliyopitishwa mwaka 1945, utaona maiti anaoshwa, anavishwa nguo safi bila kuvuliwa alama tano za imani, Ardas, yaani dua yetu, inaombwa, shabad, yaani tenzi za dini, zinaimbwa njiani, moto unawashwa, kisha sala ya usiku iitwayo Kirtan Sohila inasomwa. Maua hayamo katika ibada hiyo, na wala hayakukatazwa kwa mtu anayekuja kuhani. Ni heshima ya jirani, na heshima ya jirani hairudishwi mlangoni.

La mjomba ni zito zaidi. Huko Punjab ilikuwapo desturi iitwayo budha marna: mzee akifa, jeneza lake linapambwa na kupepewa usinga kama bwana harusi. Kanuni yetu imeitaja desturi hiyo kwa jina na kuiweka kundi moja na mambo yasiyokubalika, kama kumwashia maiti taa, kumtolea madonge ya unga, na wanawake kukusanyika kujipiga vifua kwa mpangilio. Mimi naona sababu yake iko wazi. Kifo ni hukam, amri ya Mungu. Tukimfanyia sherehe aliyefikisha uzee, tutamfanyia nini mama aliyefiwa na mtoto wa miaka sita wiki hiyohiyo, tena katika gurudwara hiyohiyo, nyumba yetu ya ibada? Koja moja juu ya sanda, au konzi za petali ambazo wajukuu wanamwagia mwili wakati wa kuaga, hilo halina neno. Gari zima kupambwa, hapana.

Sasa lako, ambalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu. Hilo neno “kwa ajili ya roho yake” linanitia wasiwasi. Ndani ya Guru Granth Sahib, Bhagat Kabir, mmoja wa watakatifu ambao tenzi zao zimo humo, anamwambia mwanamke mtunza bustani: unachuma majani, na kila jani lina uhai, lakini jiwe unalolichumia ndilo lisilo na uhai. Najua utanijibu kwamba Guru Granth Sahib si jiwe, ndiye Guru wetu aliye hai tangu mwaka 1708. Kweli. Basi msikilize mtakatifu mwingine wa humo, Bhagat Ravidas, fundi wa viatu. Anasema ndama ameshayatia mdomo maziwa kiweleni, nyuki ameshalitua ua, samaki ameshayachafua maji. Nitapata wapi kitu safi cha kumtolea Bwana? Hakuishia kwenye swali. Akasema atatoa mwili wake na moyo wake, hiyo ndiyo sadaka yake.

Hata hivyo dini haikufunga mlango. Rehat Maryada hiyohiyo inakataa Guru Granth Sahib kuzungushiwa taa na ubani kwa namna ya kuabudu sanamu, kisha inasema maua, ubani na manukato ya kuifanya nyumba inukie hayana kizuizi. Kwa hiyo weka maua, mwanangu. Weka kwa sababu unaipamba nyumba ambamo neno la Guru linasomwa, na kwa sababu nyanya alipenda waridi, ikiwa kweli alizipenda. Usiweke ukidhani waridi hamsini zitamfikisha mbali kuliko tano. Guru Amar Das, Guru wetu wa tatu, alipokuwa anaiaga dunia mwaka 1574, aliwaambia watu wake wasimlilie. Waliobaki wamfanyie kirtan, yaani waimbe tenzi za Mungu. Hakuomba kingine cha kumsindikiza.

Siku hiyo Kariokor sikiliza vizuri Kirtan Sohila inaposomwa. Humo mna Aarti, utenzi wa sifa wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu: mbingu ndiyo sinia, jua na mwezi ndizo taa, nyota ni lulu, upepo ndio unaopepea, na mimea yote ya dunia ndiyo maua yanayotolewa. Ukishalisikia hilo, hesabu ya mashada utaiona ndogo sana.

Ukienda City Market kununua, mwambie muuzaji atoe waya, sponji na karatasi za plastiki. Vitu hivyo havifai kuingia motoni pamoja na mwili. Wengi wenu mnakumbuka Wangari Maathai alivyochomwa hapohapo Kariokor Oktoba 2011, jeneza lake likiwa limetengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi badala ya mbao. Msomi yule hakuwa wa dini yetu, lakini Guru Har Rai, Guru wetu wa saba, ambaye mapokeo yanasema alihuzunika utotoni joho lake lilipovunja maua bustanini, angemwelewa bila mkalimani.

Majivu mtayamwaga kwenye maji yanayotiririka, au mtayafukia. Hakuna haja ya tiketi ya ndege kuyapeleka India, kwenye mto Ganga wala mjini Kiratpur, kanuni imelikataa hilo waziwazi. Mkipenda kumwaga petali pamoja nayo, ziwe petali tupu. Maua ya darbar, ukumbi wa ibada, yakinyauka, yafukieni kwenye bustani ya gurudwara. Na fedha mliyotaka kuongezea maua, nunueni dengu na unga wa chapati za langar, chakula cha bure cha wote, ya siku ya bhog.

Mwisho, wenzako. Waambie wafunike vichwa, wavue viatu, wasiingie na sigara wala pombe, na wakae chini pamoja nanyi. Shada lao likija na msalaba juu yake, pengine na utepe wa “Pumzika kwa amani”, lipokee kwa mikono miwili na uliweke kando ya picha ya nyanya, pale nje ya ukumbi watu wanapotoa rambirambi. Mtu asiwaambie waubandue msalaba.