Kikundi cha wanawake wataalamu Mbeya: anzeni bila pesa

Dada yangu, pole na ugeni. Umesema wewe ni mhasibu, umehamia Mbeya kikazi, unatafuta kikundi cha wanawake wa taaluma mbalimbali, lakini kila unayemgusa anauliza, "Mchango shilingi ngapi?" Ndivyo ilivyo. Huku kikundi ni kikoba, yaani cha kuchanga na kukopeshana pesa, mpaka uthibitishe vinginevyo.

Sisi tulianza watano, mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Tulikosea kukutana saa kumi na mbili jioni, mwezi wa sita. Kwa baridi ile nani atoke? Tukahamia Jumamosi saa nne asubuhi, chai na vitumbua, kila mtu anajilipia. Kila mmoja anasema mambo mawili tu: anachoweza kumsaidia mwenzake, na alipokwama. Muuguzi mwenye duka alikwama kwenye hesabu za kodi. Zilipigwa palepale, kwenye karatasi iliyofungia vitumbua.

Pesa msiziguse miezi sita ya mwanzo. Sisi michango tuliiweka kwenye simu ya mwenzetu, ikaliwa, na urafiki ukafia hapo. Mkianza kuweka na kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka msajiliwe. Muoneni afisa maendeleo ya jamii. Atawaeleza pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa wanawake. Katiba ya kikundi aipitie mwanasheria kabla hamjasaini.

Halafu kwenye grupu la WhatsApp, pigeni marufuku matangazo ya vitenge siku za kazi. Mimi nauza vitenge, najua ninachosema.