Pumzi Imerudi, Paja Bado

SWALI
Kocha, assalaam aleikum. Mimi ni kiungo wa timu ya mtaani hapa Mtongwe, umri wangu miaka 24. Niliacha mazoezi miezi 5 iliyopita nilipopata kibarua cha kupakia magunia ghalani, zamu ya usiku. Jumapili nilirudi uwanjani. Dakika ya 20 pumzi ikakata, na nyuma ya paja pakanikaza hata nikatolewa. Nashangaa, maana magunia ya kilo 50 nayabeba usiku kucha na nguvu ninazo. Baada ya wiki 2 tuna mashindano na nahodha anataka nianze. Nitawahi?
Kiungo, Mtongwe

JIBU
Waaleikum salaam, mwanangu. Kuanza hutawahi, na nakuomba umwambie nahodha mapema kabla hajakupanga.

Magunia yamekutunzia mgongo, mabega na mapaja ya mbele. Lakini pale ghalani hakuna anayekutaka ukimbie kwa kasi yako yote, usimame ghafla, ugeuke, kisha ukimbie tena. Kiungo hukimbia kama kilomita 10 kwa mechi, na kazi yenyewe ni hizo chapuchapu za kila mara. Miezi 5 mwili wako haujaifanya.

Pumzi ndiyo hutangulia kuondoka. Ndani ya siku chache tu za kukaa, majimaji ya damu huanza kupungua. Moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, basi inabidi upige mbio zaidi kwa kazi ile ile. Kwa mchezaji aliyeiva, uwezo wa kutumia oksijeni hushuka kwa asilimia 4 hadi 14 kabla hata wiki 4 hazijaisha. Nguvu za misuli huvumilia zaidi, karibu mwezi mzima, ndiyo maana mtu hujiona yuko sawa.

Lakini pumzi hainitii hofu. Itarudi, tena upesi. Hofu yangu ni siku itakaporudi.

Machi 2020 mpira uliposimamishwa kwa sababu ya korona, vijana wangu walikaa nyumbani miezi. Tuliporuhusiwa, niliwakimbiza siku kumi. Siku ya kumi hakuna aliyehema, wote wanacheka. Nikaona wako tayari, nikapanga mechi ya kirafiki kule Tononoka. Winga wangu wa kulia akapigiwa mpira wa kukimbilia. Alichapuka hatua nne tano, kisha nikaona mkono wake unakwenda nyuma ya paja kabla mguu haujatua. Akakaa chini polepole, amepashika pale pale, hamwangalii mtu. Alikaa nje wiki saba. Mechi ile niliipanga mimi, na mpaka leo anayerudi baada ya kukaa sana namkagua paja kwanza, pumzi baadaye.

Damu na moyo huitika kwa wiki chache. Msuli wa nyuma ya paja, unaovutwa huku umejikaza kila unapoutupa mguu mbele, unataka muda zaidi, na kano ndizo za mwisho kabisa. Mwaka 2011 wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walifungiwa zaidi ya miezi 4 kwa mgogoro wa mkataba. Kambi zilipofunguliwa, kano za kisigino 12 zilikatika ndani ya siku 29. Hao ni watu wenye madaktari wao, mwanangu.

Basi fanya hivi. Ukitoka zamu lala kwanza, usiende kukimbia na uchovu wa magunia. Saa 11 jioni, maji yakiwa yamekupwa, kimbia ufukweni kwenye mchanga mgumu uliolowa, dakika 20 za mwendo wa kuweza kuzungumza. Mchanga mkavu unaozama uuache, unachosha kisigino. Mara mbili kwa wiki piga magoti, mwenzio akushike vifundo, ujishushe mbele polepole ukizuia kwa nyuma ya paja mpaka mikono iguse chini. Anza na mara 5, pumzika, mara 5 tena. Kesho yake patauma kidogo, ni kawaida. Zoezi hili nalipenda kuliko yote. Timu zinazolifanya bila kukatiza hupunguza majeraha ya paja karibu nusu. Kasi ipandishe kidogo kidogo, na mbio za nguvu zote zisubiri wiki ya nne. Kuanza mechi, wiki ya sita.

Mashindanoni kaa benchi, uingie dakika 15 za mwisho ikibidi, bila mbio za nguvu zote, tena kama mazoezini hapajakukaza tena.

Na hilo paja la Jumapili, libonyeze leo kwa vidole, kuanzia chini ya kalio mpaka nyuma ya goti. Ukikuta mahali pamoja panauma kama kidonda, au ngozi imevilia damu, hayo yote niliyokupangia yaache na uende ukaangaliwe kwanza.